Uso Uliokwama

Jumatatu, saa mbili usiku, napanda hadi paani,
ghorofa ya saba, Tassia, kati ya matangi meusi
na shuka za watu ambazo hazijakauka.
Huku juu mtandao ni mzuri,
na kuta hazina masikio kwa sababu hakuna kuta.
Nyumbani nimesema naenda kuangalia maji.

Bi. Jerotich yuko Kapsabet. Ana pazia la kijani
na jogoo asiyejua saa, huwika katikati ya maswali.
"Hasira yako huanzia wapi mwilini?"
Nilijua wengine husema kifuani, au kichwani.
Mimi nikasema: kwenye kidole gumba.
Akanyamaza. Jogoo akawika. Akaandika.

Mimi ni fundi wa milango, kando ya Barabara ya Rabai.
Naujua mvule, naujua mkaratusi unaojikunja,
naujua mlango unaoikataa fremu yake.
Milango ya watu imesimama wima Buruburu nzima;
wa kwangu una tundu la ukubwa wa ngumi.
Nimelifunika kwa kalenda ya duka la rangi,
na kila mwezi ukiisha nachana karatasi
nikiiogopa Desemba.

Aliniambia niweke daftari, niandike kila ninapowaka.
Ya moyoni siyajui kuyaandika. Nikaandika kama risiti:
Kioo cha kabati, elfu moja na mia mbili.
Rimoti, mia tatu na hamsini.
Simu ya kwanza, ile niliyoirusha ukutani,
elfu tisa, na bado nailipa kidogo kidogo kila siku.
Mteja wa Komarock aliyeondoka: kitanda kizima na meza zake mbili.
"Hasira hasara," tulinakili ubaoni darasa la tatu,
hakuna aliyetuambia kuna siku mtu atapiga hesabu.
Halafu, Jumatano:
Nanjala aliangusha sufuria. Hakuitazama sufuria.
Alinitazama mimi.
Hapo kwenye bei nimeacha wazi.

Leo nilikuwa nikijitetea.
Naliaka kasema hivi, mwenye nyumba kasema vile,
nani asingewaka? Nikapaza sauti,
jirani aliyekuwa akianua nguo akashuka na beseni nusu.
Kumbe simu imekwama.
Bi. Jerotich ameganda, kalamu hewani,
hajasikia neno.
Na kule pembeni, kwenye kile kidirisha kidogo
ambacho sijawahi kukitazama,
nimeganda na mimi:
mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama,
jicho moja limefumba nusu.
Nikadhani kwanza ni marehemu baba,
amekuja na mkanda wake.

Simu nilikuwa nimeiweka magotini.
Kwa hiyo nilijiona kutoka chini,
vile mtoto wa miaka sita humwona mtu mzima.

Ndege ikapita ikishuka kuelekea uwanjani, shuka zikatikisika.
Sikumbuki kitu kilichowahi kuninyamazisha namna ile,
si polisi, si mchungaji.

Mtandao uliporudi, aliuliza, "Ulikuwa unasema?"
Nikasema, nimesahau.
Kisha nikasema, hapana. Sijasahau.
Zilibaki dakika nne, na bando limekaribia kukata.
Tukazitumia kupumua tu, yeye kule, mimi huku,
kama watu wawili wanaopandisha kabati ngazini
wakalitua kidogo.

Nikashuka. Funguo nikazibana kiganjani zisilie,
maana Nanjala anaujua mlio wake,
na mimi najua anachofanya akiusikia:
huzima katuni, huokota viatu, huketi wima kama mgeni.
Nikasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe.
Nikabisha hodi.

"Nani?"

Sikujibu upesi.